Mahindi ya Njano ya Mtafiti

Mtafiti wa udongo aliyekuwa akilima kipande cha shamba langu hapa Kasense amefariki. Habari aliniletea bwana shamba wetu Jumanne. Alizima pikipiki, akaniamkia shikamoo mara mbili, nikajua hakuja na jambo jema. Wasomaji wangu mnajua majina hayanipotei, hata ya wale niliosoma nao mpaka darasa la nne ninayo yote. Jina la huyu sitaliandika, nawaachia wanawe. Ila tangu Jumanne nalitamka peke yangu jikoni, maana humu ndani hakuna mwingine wa kuzungumza naye.

Alitaka kujua kama intumba zetu, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani yaozee ndani, zinalisha udongo kuliko mbolea ya dukani. Akaligawa shamba pande mbili, upande wa majani na upande wa mbolea. Alikuwa akipiga magoti, anachota udongo kwenye vifuko, anahesabu nyungunyungu. Jirani yangu akanicheka, "Wewe, mgeni wako kasoma kote huko aje kuhesabu nyungunyungu?" Nikamwambia, "Mwache, wewe hata kuku wako huwajui idadi."

Msimu ule mahindi ya upande wa majani yakawa ya njano. Kwetu shamba la mgeni likiharibika, aibu ni ya mwenyeji. Basi alipokwenda mjini nikachukua mbolea ya dukani, nikapita shina kwa shina upande ule. Mahindi yakainuka. Siku ya kuvuna alipima, akafurahi kama bwana harusi. "Mama, umeona? Majani matupu haya!" Alipofungua daftari nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, usiandike. Nilitia mbolea."

"Upande wote?"

"Wote."

Akakaa chini kwenye mabua, nikatamani anitukane. Halafu akasema taratibu, "Mama, ile njano ndiyo niliyoifuata huku. Nilitaka kuona udongo utachukua muda gani kupona wenyewe." Mvua ziliporudi akaanza upya, wala hakunihama kwenda kwa mwingine.

Mahindi ya safari hii yamekauka, naye hayupo. Nimeyavuna mwenyewe, nikayaweka marundo mawili, nikamwita bwana shamba aje apime. Rundo la upande wa majani ni dogo kuliko lile jingine. Nilitamani kuliongezea mahindi machache, nikaizuia mikono yangu. Amepima, ameandika kama lilivyo.

Hili ndilo ninalowaachia, wenzangu tunaopenda kuwafichia watu mabaya ili wasiumie. Anayetafuta ukweli mwacheni auone, hata usipopendeza. Mimi kwa huruma yangu nilimpotezea mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja ndio aliopungukiwa.