Fisi Aliyejipaka Unga

Mwaka jana niliikuta hadithi ya Mama ndani ya kitabu cha watoto, nikaona kama nimeibiwa. Ni kitabu cha hadithi za mataifa mbalimbali, nilichomnunulia binti yangu mjini Babati. Eti ile hadithi inatoka Ulaya! Mimi nilikuwa nikijua kwa uhakika kwamba ilitokea kwetu Tlawi, kule bondeni tulikochunga mbuzi.

Mama alitusimulia kwa Kiiraqw, jioni, akisubiri maji ya ugali yachemke. Sisi watoto tulibanana karibu na moto, maana baridi ya Tlawi haina adabu. Katika hadithi hiyo, mama mmoja anakwenda kuchota maji na kuwaacha watoto wake ndani, akiwakataza kumfungulia mtu yeyote. Fisi anakuja kubisha hodi. Watoto wanamwambia, wewe si mama, sauti yako inakwaruza. Anakwenda kulamba asali, sauti inalainika. Wanasema, tuonyeshe mguu. Mguu mchafu, una manyoya! Basi anaingia kwenye nyumba ya jirani, anachovya mguu kwenye unga uliobaki kando ya jiwe la kusagia, anarudi. Watoto wanachungulia chini ya mlango na kuona mguu mweupe, kama wa mama yao akitoka kusaga.

Hapo Mama alikuwa anaacha. "Haya, leteni sahani."

Walifungua? Hawakufungua? Tulimsumbua mpaka akawa mkali. Mdogo wangu alishikilia kwamba walifungua. Mimi nilisema hawakufungua, kwa sababu mimi nisingefungua, na ubishi huo tuliubeba mpaka njiani kwenda shule, tukitembea kwenye ukungu na kuni za mwalimu kichwani. Hata leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi namkumbuka mdogo wangu akinitolea macho, na ninatamani nirudi hata kwa jioni moja tu.

Likizo ya Desemba nilikwenda kwa Mama na binti yangu na kitabu chake. Nilikuwa na swali moja tu: kwa nini alitukatia hadithi miaka yote ile?

Binti yangu alimwamkia bibi yake, akaitikiwa marahaba, na hakungoja hata chai. Alikaa kwenye kigoda akaanza kumsomea kwa Kiswahili. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Mbwa mwitu akagonga mlango..."

"Hapana," Mama alisema. "Hiyo ni fisi."

"Bibi, imeandikwa mbwa mwitu."

"Mbwa mwitu anatembea kundi zima. Hawezi kuja peke yake kudanganya watoto. Huyo aliyeandika hajawahi kuchunga."

Tulicheka sana. Binti yangu aliendelea, lakini alipofika kwenye mguu wenye unga, Mama aliweka kiganja juu ya ukurasa. Akamtuma nje akaangalie ndama.

Mimi king'ang'anizi sikunyamaza. Nikamuuliza kwa Kiiraqw, "Mama, mbona huwa unaachia hapa?"

Akasema aliisikia hospitalini Haydom. Alikuwa amelazwa huko na kaka yangu, yule aliyenitangulia, aliyefariki kabla sijazaliwa. Nyumbani kwetu hakuzungumzwa. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuja kwa basi na mtoto wake mgonjwa, ndiye aliyewasimulia watoto wa wodi nzima siku moja. Sijui yeye aliitoa wapi. Kaka yangu aliipenda mno sehemu ya unga, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Siku hiyo fisi alipofika mlangoni na mguu wake mweupe, Mama alitoka kwenda jiko la nje, wanakopikia ndugu wa wagonjwa, akamkorogee mwanawe uji.

"Niliporudi, yule mwanamke alikuwa amenyamaza. Wauguzi walikuwa wamezunguka kitanda chetu. Mwisho wake sikuusikia, na siku ile ningemuulizaje mtu habari za hadithi?"

Nilijua hadithi hii tangu utotoni na sikuwahi kujua kwamba kaka yangu yumo ndani yake.

Mama aliendelea kuchagua mawe kwenye maharage. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Kwenye kitabu, watoto wanapona?"

"Wanafungua, Mama, na wanaliwa. Lakini mama yao anarudi, anamkuta fisi amelala, anampasua tumbo. Wanatoka wazima."

"Wote?"

"Wote."

Aliweka ungo chini. Sikuwahi kumwona Mama akilia, hata kwenye msiba wa Baba, lakini hapo alilia.

"Yule mama alirudi akakuta bado kuna la kufanya," alisema.

Nikamshika mkono, nikakaa naye hivyo hivyo mpaka binti yangu aliporudi kutuambia kwamba ndama yupo.