Kamba ya Kupandia

Mgeni aliyeingia sebuleni kwa Anjeline, pale Busia upande wa Kenya, aliona kamba kabla hajaona kiti. Ilining'inia kwenye msumari mrefu karibu na kalenda ya kanisa, nyeupe yenye mstari wa samawati, imeviringwa vizuri, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya mdogo wake, Jacktone, mkata miti, aliyeishi naye tangu Anjeline afiwe na mumewe. Vifaa vingine vyote vya Jacktone vililala stoo: msumeno wa injini ambao mtaani huitwa pawa, mapanga mawili, shoka, dumu la petroli iliyochanganywa na oili, tupa za kunolea mnyororo, na kamba tatu nene za kushushia matawi. Vya stoo mtu aliweza kuazima. Kamba ya sebuleni hata kuanikia nguo ilikuwa marufuku.

Jacktone alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na saba kati ya hiyo aliitumia juu ya miti. Mtu yeyote mwenye shoka anaweza kuangusha mti shambani. Kazi ya Jacktone ilikuwa ile miti isiyo na mahali pa kuangukia: mkalatusi ulioinamia paa la shule, mvule uliokua katikati ya maduka, tawi lililolala juu ya nyaya za umeme. Mti wa namna hiyo haukatwi kutoka chini. Alifunga miiba ya chuma kwenye buti, akavaa mkanda wa kiunoni na kofia ngumu, akapanda. Huko juu alijining'iniza kwa ile kamba yake, akaushusha mti kipande kwa kipande. Kila kipande kilifungwa kamba ya pili, na chini alisimama mtu aliyeizungusha kamba hiyo kwenye shina, akiilegeza taratibu mpaka kipande kiguse ardhi bila kishindo.

Mtu huyo wa chini alikuwa Emong, Mteso wa Rubongi, karibu na Tororo, upande wa Uganda. Kwa miaka kumi na moja Jacktone alivuka mpaka na mzigo wake wa kamba kumfuata Emong, au Emong akavuka kuja Kenya, kutegemea mti uko wapi. Emong hakuwa na maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha vipande vipande, na Jacktone alimtania kwamba siku atakayomaliza sentensi nzima, mvua ya mawe itanyesha.

"Wewe ongea," Emong alimjibu kila mara. "Mimi nashika."

Na alishika kweli. Tawi likiwa hewani, hata mchungaji wa kanisa angepita akamsalimu, Emong hakujibu wala hakugeuza shingo. Kuna watu Rubongi waliomwona ana kiburi kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu kamba, Jacktone alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kamba inayombeba yeye haibebi kitu kingine chochote. La pili, kamba akiitilia shaka haikungoja kesho. Aliichukua papo hapo akaikata vipande vya urefu wa mkono, ili asije mtu akaipandia kwa kusahau. Ndiyo maana mbuzi wote wa Anjeline walifungwa kwa vipande vya kamba nzuri, ambazo majirani waliziangalia kwa masikitiko.

Sababu za masharti hayo hakuzieleza, na Anjeline hakuziuliza. Yeye alikuwa kiongozi wa kamati ya mazishi kanisani, mtu wa viti, mahema, sufuria na kamba za kushushia jeneza. Mara mbili alimwomba Jacktone ile kamba kwa ajili ya mazishi, mara mbili akanyimwa. "Dada, hii ni kati yangu na Mungu," alimwambia, kisha akaendelea kunywa uji. Anjeline akajipa jibu mwenyewe: mdogo wake anaogopa kaburi. Amesikiliza wazee wanaosema kitu kilichoingia kaburini kitarudi kumwita mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma, mtu aliyebatizwa kuwa na hofu kama hiyo, na alimwombea kila Jumatano katika ushirika wa akina mama.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, Mama Norah wa kwaya alifariki. Nyumbani kwa mumewe kulikuwa Masinya, upande wa Uganda, kwa hiyo kanisa lilijipanga kuvuka. Asubuhi ya kuondoka, Anjeline alifungua sanduku la kamati akakuta kamba za kanisa zimetafunwa na panya. Jacktone alikuwa Kisumu kwa siku mbili akitafuta mnyororo mpya wa pawa. Anjeline alisimama mbele ya ule msumari akiwa amevaa kanga ya msiba. Alijiambia kwamba kazi ya Mungu haiwezi kukwama kwa hofu ya mtu mmoja. Alijiambia pia, na hili ndilo alilolikumbuka zaidi baadaye, kwamba Jacktone akirudi salama na asipatwe na lolote, siku moja yeye Anjeline atamweleza, na mdogo wake ataona kuwa hofu yake ilikuwa bure. Akaishusha kamba.

Jeneza liliingia vizuri. Lakini kabla watu hawajaanza kula, mvua ilimwagika, na gari lililomleta marehemu likazama kwenye tope mlangoni. Vijana waliichukua kamba, wakaifunga kwenye trekta la jirani. Trekta liliruka mbele mara tatu, na mara tatu kamba ilinyooka ikalia kama waya. Mara ya nne gari likatoka. Anjeline aliyaona yote akiwa chini ya hema, birika la chai mkononi. Akaendelea kumimina chai. Kwake yeye kamba ilikuwa kamba.

Nyumbani aliifua kwa sabuni, akaianika nyuma ya nyumba, akaiviringa kama Jacktone anavyoiviringa na kuirudisha kwenye msumari. Kesho yake jioni mdogo wake alifika na mnyororo wake mpya, akala ugali na samaki wa ziwani kutoka Majanji, akasifu samaki. Anjeline alitaka kumwambia. Akaona amechoka.

Siku nne baadaye Jacktone alikwenda Rubongi kukata mvule uliokuwa umeegemea jiko la shule. Anjeline alikuwa kanisani akifagia pamoja na akina mama wenzake simu ilipolia. Yalikuwa mazoea ya Jacktone, kabla ya kupanda, kufumba macho na kupitisha kamba yote mkononi, shubiri kwa shubiri.

"Dada, kamba yangu, kuna mtu aliishika?"

"Kwa nini?"

"Kuna mahali nikipitisha mkono panalegea. Kidogo tu. Kwa nje ni nzima."

Akina mama walikuwa wameacha kufagia. Wote walikuwa Masinya, wote waliiona ile kamba kwa macho yao, na hakuna aliyejua kwamba iliondoka nyumbani bila ruhusa. Anjeline aliwageuzia mgongo. Aliwaza kwamba jioni atampikia kuku amweleze taratibu, wakiwa wawili.

"Hakuna aliyeishika," alisema. "Iko vile vile ulivyoiacha."

"Basi ni mkono wangu, umezeeka. Tuombeane, dada."

Saa nane Emong alipiga simu. Kamba ilikatika ndani kwa ndani. Ganda la nje ndilo lililobaki likimshikilia kwa kitambo, nalo likachanika. Jacktone hakufika hospitali.

Siku ya mazishi Emong alivuka na gunia. Alilishusha mlangoni: pawa, mkanda, kofia, buti, na kamba. Kisha akamshika Anjeline mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia maneno aliyokusudia yawe faraja. Alisema kwamba asubuhi ile Jacktone aliitilia shaka kamba, akapiga simu, akarudi anacheka. "Akasema, dada yangu hasemangi uongo. Ndiyo akapanda."

Anjeline, aliyefundisha makundi mengi ya watoto wa kipaimara amri ya kutosema uongo, aliitikia kwa kichwa. Mchungaji alipompa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya familia, alisimulia jinsi Jacktone alivyopanda miti tangu utotoni, watu wakalia, akaketi. Gunia aliliingiza stoo. Msumari akauacha mtupu.

Miezi mitano ilipita. Alisali, lakini sala zake zilianza kuzunguka lile neno bila kuligusa. Angeweza kuendelea hivyo, pengine hadi kufa, kama si Akiteng, mke wa Emong, aliyekuja Busia sokoni kuuza mtama. Akiteng hakuja kulaumu. Alikuja kusalimu, na katika kusalimu akaeleza kwamba mumewe sasa anabeba matofali. Watu wa Rubongi wanasema aliiachia kamba. Hawajui kwamba kamba aliyokuwa ameishika yeye ilikuwa ile nyingine, ya matawi. Kwao kamba ni kamba. Hakuna anayemwita tena kwenye mti.

"Na yeye mwenyewe ameanza kukubali," Akiteng alisema. "Anasema ni yeye alichagua tawi la kufungia kamba ya Jacktone."

Maneno yale, kamba ni kamba, yalimfuata Anjeline mpaka nyumbani. Kesho yake asubuhi aliitoa kamba kwenye gunia, akavuka mpaka, akapanda gari la Tororo.

Alimkuta Emong uani, magoti mekundu kwa vumbi la matofali. Akiteng alileta kiti. Anjeline hakukaa. Aliweka kamba chini akasema yote bila kupumzika: sanduku la panya, jeneza, trekta, sabuni, simu. Alisema pia kwamba alidhani Jacktone anaogopa makaburi.

Emong aliinama akaiokota. Akafumba macho, akaipitisha mkononi kama alivyomwona mwenzake akifanya miaka yote, akasimama mahali fulani. Alichana ganda kwa kisu. Ndani, mbali na pale ilipokatikia, nyuzi nyingi zilikuwa zimeachana, zimekauka kama nywele.

"Alikuwa haogopi kaburi," alisema. "Kamba ikivuta gari, ndani inakufa, nje inabaki mzuri. Hiyo tu."

Akakifuta kisu kwenye suruali, akakiweka chini.

"Mkono yake ilisikia, mama. Wewe ukamwambia mkono ni ya uongo."

Anjeline alisema ndiyo. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi aombe msamaha, lakini Emong alimwinua kwa kiwiko, si kwa upole wala kwa ukali.

"Mimi sitaki magoti. Twende huko kwa maduka, useme kama umeniambia mimi."

Walikwenda watatu. Mbele ya duka la kwanza walikuwepo watu kama kumi na wawili, mafundi baiskeli na wanawake wa mboga. Anjeline alikuwa amezoea kutangaza mazishi mbele ya watu mia tano, lakini siku hiyo alilazimika kuanza upya mara mbili. Alisema jina lake, akasema Jacktone alikuwa nani kwake, akasema Emong hakuachia kamba yoyote. Halafu akasema alichomjibu Jacktone kwenye simu. Mwanamke mmoja aliguna. Fundi mmoja alimtazama Emong muda mrefu, akaondoa kofia.

Waliporudi uani Emong alichukua panga. Aliipima kamba kwa mkono wake, akakata, akapima, akakata, mpaka ikaisha.

"Mbuzi wako ngapi?"

"Wanne."

Akamhesabia vipande vinne. Vilivyobaki Akiteng alivitia motoni.

Anjeline hajui kama amesamehewa na Emong, hajathubutu kumuuliza. Alisikia kwamba Emong ameitwa tena kushusha mkalatusi karibu na kambi ya jeshi, na kwamba sasa anapanda mwenyewe. Kila jioni Anjeline hufunga mbuzi wake kwa vile vipande, akivipitisha mkononi kwanza, macho yamefumbwa. Vitatu ni vigumu, vizima. Katika cha nne kuna mahali panalegea. Kidogo tu.