Mama Mkwe Muuza Mkaa

Kabla ya deki za video kuingia, ua mzima wa nyumba yetu ya Kariakoo ulikuwa wangu. Jumapili mchana jumba la sinema lilikuwa na shoo ya sinema za Kihindi kwa wanawake tu, na katika wapangaji wote ni mimi niliyekuwa nakwenda. Kihindi nilikiokota utotoni, mama alipokuwa akifulia familia moja ya Kihindu. Nikirudi kupitia Mnazi Mmoja naipanga sinema kichwani, na jioni wenzangu wananisubiri na vigoda vyao. Naimba, nalia, naiga sauti, na chumvi natia. Kuna mama mkwe mmoja katili ambaye kwenye sinema alisamehewa tu. Mimi nilimfilisi, nikamkalisha mlangoni kwa mkwewe anauza mkaa. Ua ulicheka wiki nzima.

Ikaja enzi ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa. Mume wa jirani yangu wa chumba cha mbele, mfanyabiashara, akarudi kutoka Dubai na televisheni ya rangi na deki. Jumapili ileile vigoda vikahamia mlangoni kwake. Nilimwonea wivu jirani yule, sifichi. Nilimchukia yeye na pazia lake.

Jumba la sinema nalo likakosa watu, likafungwa. Siku moja nikachungulia: viti vimeng'olewa, magodoro yamepangwa hadi juu.

"Nne kwa sita au tano kwa sita, mama?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia naangalia tu.

Haukupita muda jirani akanipigia hodi. "Shoga, njoo bwana. Tunatazama midomo tu, hatuelewi wanasema nini."

Nikaenda, nimejipamba. Kanda ilikuwa ileile ya mama mkwe. Nikatafsiri mpaka mwisho, na mmoja akauliza mbona mkaa hatujauona.

"Wamekata," nikasema. "Kanda za siku hizi wanakata. Kule sinema niliiona nzima."

Wakasikitika sana. Nikarudi chumbani nimeshiba sifa.

Jumapili iliyofuata sikuitwa. Jirani alikuwa na wageni, wifi zake kutoka Ilala, na amewawekea kanda ileile. Nilikuwa uani napeta mchele, nikamsikia anatafsiri. Maneno yangu, kilio changu, hata kile kikohozi nilichokohoa kabla ya kipande cha harusi. Ilipoisha akawaambia, "Hapa wamekata. Yule mama aliishia kuuza mkaa mlangoni kwa mkwewe. Mimi niliiona nzima, kule sinema."

"Wifi, ulifaidi," wakasema.

Mwanamke yule hakuwahi kukanyaga sinema hata siku moja. Nikaenda hadi mlangoni kwake na ungo mkononi, nimuumbue mbele ya wifi zake. Nikakwama hapo. Jumba lenyewe sasa ni duka la magodoro, ushahidi sina, na nikifungua mdomo, itabidi niseme pia kwamba mkaa haukuwepo.

Akaniona. "Karibu, shoga. Muulizeni na huyu, naye aliiona."

Nikawaambia ndiyo, tulikwenda pamoja.