Nafasi ya Juu ya Kadi

Katikati ya miaka ya tisini, pale kwetu Likoni, nilikuwa nikichapa kadi za harusi kwa kompyuta iliyozeekea mikononi mwa wengine kabla ya kunifikia. Nikishaiwasha, nakwenda kuosha vyombo, nikirudi bado inajikusanya. Kiarabu haikukijua hata herufi moja. Kwa hiyo kila kadi niliiachia nafasi juu, na baba akaandika Bismillahi kwa kalamu yake ya mwanzi.

Baba alisomesha chuo cha Kurani miaka mingi, mpaka magoti yakamkatalia kukaa mkekani na wanafunzi wakapewa mwalimu mwengine. Baada ya hapo alikuwa akishinda barazani kimya, akiulizia wakati wa sala hata haujakaribia. Kadi ndizo zilizomwinua. Kila baada ya alasiri alivaa kofia yake safi, akavuta kiti karibu na meza yangu na kuuliza, "Leo kadi ngapi?"

Lakini wateja wakaanza kuniletea kadi za mjini zenye maua pembeni, wakitaka kama hizo. Nikaona nisipoitengeneza mashine yangu, nitabaki kuchapia watu barua za kuomba kazi. Nikamwita fundi kutoka Changamwe. Akaifungua, akapuliza vumbi la kutosha kupanda mchicha, akanipa njia mbili. Nikiongeza memori peke yake, nitapata maua. Nikiongeza na diski kubwa, nitapata maua na herufi za Kiarabu, Bismillahi itoke yenyewe. Tofauti ya bei ilikuwa kama ya mbuzi mmoja, tena mwembamba. Baba aliporudi msikitini alimkuta fundi anaaga, akamsindikiza hadi barabarani kama amsindikizavyo kila mgeni.

Mbuzi huyo ningemmudu. Hata hivyo, kila nikipiga hesabu na kufika kwenye diski, nilikiona kile kiti kitupu, na moyo ulinikatalia kabisa. Kwenye chakula cha mchana nikamwambia baba nitaongeza memori tu.

"Na herufi za Kiarabu?" akauliza.

"Hizo hazishikiki, baba." Nikamtajia bei ya kununulia kitanda cha Lamu na godoro lake.

Alitafuna wali taratibu. "Basi tusijitie makubwa, mwanangu. Tuendelee na mkono."

Nilijiona mjanja kwelikweli.

Fundi alirudi na memori yake. Maua yakatoka, mazuri mno. Alipokuwa akikaza skrubu akaniambia, "Dada, ungemalizia na zile herufi. Mzee aliniuliza bei yake siku ile akinisindikiza. Nilipomtajia, akasema si ghali."

Papo hapo baba aliingia na kofia yake safi, akamsalimia fundi, akavuta kiti. Hakunitazama usoni.

"Leo kadi ngapi?"

"Nyingi, baba," nikamwambia, nikamsogezea wino.