Paipu ya Kurudishia Oili

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, kaka yangu Masanja alipoingia gereji yetu ya Nsemulwa, hapa Mpanda, kwa miguu, tope hadi magotini. Mwanangu, dereva akirudi kwa miguu humuulizi habari za safari.

Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, maana uzee nao una haki zake.

Wazazi wetu walihamia Mpanda na ng'ombe kutoka Usukumani, wakatua Misunkumilo. Baba alipofariki, mimi na kaka tuliuza sehemu ya ng'ombe tukanunua lori kuukuu. Yeye akawa dereva, mimi fundi. Ufundi nilifundishwa na Mzee Joakimu, Mfipa mmoja mpole, mtu wa kanisani, aliyekuwa na gereji karibu na stesheni ya reli. Nilikaa kwake miaka minne nikajiona nimemaliza kazi yote. Kumbe nilikuwa nimemaliza uvumilivu tu, tukaagana vibaya.

Lori lile lilikuwa gumu milimani. Kaka alikuwa akipeleka mahindi Kapalamsenga, kule ziwani, na kurudi na dagaa, na njiani kuna vilima ambavyo abiria walishuka wakatembea, kisha wakalisubiri lori kileleni wakiwa wameshapumzika. Walimtania sana. Basi nikapata tabo iliyofunguliwa kwenye lori jingine lililokufa. Tabo ni kile kidude kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, ipate nguvu. Injini yetu haikuzaliwa nayo. Niliifunga mwenyewe, nikikata hapa na kuchomelea pale, na maungio nikiyapaka gundi nene. Safari ya kwanza hakuna abiria aliyeshuka. Kaka alirudi akicheka, akaninyanyua juu kama mtoto, mimi na mapande yangu haya. Kicheko kile naendelea kukitamani hadi leo.

Wiki chache baadaye tabo ikaanza kuvuja oili. Moshi ukawa wa bluu, oili ikachuruzika ubavuni mwa injini. Nikabadilisha sili, zile pete za kuzuia oili isitoke, nikapaka tena gundi ya gasketi, ile nyekundu, kila penye maungio. Ikavuja tena. Nikaifungua, nikapaka nyingi zaidi. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, si umpelekee Mzee Joakimu aitazame?" Nikamjibu kwa methali, maana kijana mbishi hakosi methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaongeza oili, akapakia mahindi, akaondoka. Aliniamini, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata.

Sasa turudi asubuhi ile. Lori lilikuwa limebaki mlimani, limekauka oili, injini imenoki, haizunguki tena. Dagaa wa watu walikuwa wamenyeshewa siku mbili wakaoza. Kaka hakupiga kelele. Alisimama mbele ya wateja wawili waliokuwa wakinisubiri, akasema taratibu, "Kuuliza kungekupunguzia nini?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwekea maji ya kuoga, mtu aliyelala porini siku mbili kwa ajili ya ubishi wangu. Lakini ulimi hauna mfupa, na wateja walikuwa wananitazama.

"Lori lile ni ng'ombe wa baba, si wako peke yako," nilimwambia. "Kama huitaki kazi yangu, ondoka. Na usirudi."

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kidole kimoja kimoja, kama alivyozoea kila jioni. Akaweka funguo za lori juu ya benchi. Treni ya Tabora ilipoondoka siku hiyo, naye alikuwamo.

Lori nililivuta mpaka gereji. Mzee Joakimu alikuja mwenyewe bila kuitwa, habari zilishamfikia. Hakunisema. Alifungua paipu ya chini ya tabo, akaingiza waya, waya ukagoma. Akachokoa, akachokoa, mpaka likatoka bonge la gundi nyekundu iliyokauka, akaniwekea kiganjani.

"Sili zako zilikuwa nzima," alisema. "Oili inaingia kwenye tabo kwa kusukumwa na pampu. Kutoka haisukumwi na mtu. Inashuka yenyewe kwa paipu hii, inarudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wewe umeiziba kwa gundi yako. Ulitaka ipite wapi?"

"Niliogopa ufa, mzee."

"Methali ile ni ya ukuta. Hiki ni kitu kinachozunguka. Kabla hujaziba kinakovujia, tazama kwanza kama umekiachia njia ya kurudi."

Akakusanya spana zake. Alipofika mlangoni akauliza kaka yuko wapi. Nikamwambia nimemfukuza. Akalitazama lile bonge kiganjani mwangu, akatoka.

Miezi ikapita. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akija na treni aliniletea salamu kutoka Tabora. "Kaka yako anasema ukimwita atakuja."

Mwanangu, ungedhani nilipanda treni ya siku ile ile. Sikupanda. Nilijiambia kwanza nilitengeneze lori, akija alikute linanguruma, anione nimekuwa mtu. Ilikuwa aibu tu, nimeivisha nguo ya heshima. Injini ikala mapato ya gereji ya mwaka mzima. Lilipowaka, nikafua shati, nikaenda Tabora. Mwenye nyumba aliyokuwa amepanga kaka akanikaribisha vizuri, akaniambia, "Ndugu yako alikuwa anakwenda stesheni kila treni ya Mpanda ikiingia. Halafu akaacha kwenda. Amefuatana na watu wa dhahabu, sijui upande gani."

Nimemtafuta kwenye machimbo mengi. Wengine waliwahi kumsikia, wengine hawamjui. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wangu amekua, anakaa nami nyumba moja.

Basi shika haya. Tabo uliyoiongeza mwenyewe kwenye injini inataka adabu kuliko ile iliyozaliwa nayo. Oili iwe safi, ibadilishwe kabla haijawa nyeusi tii. Ukitoka mlimani usizime injini papo hapo. Iache ingurume taratibu dakika chache, oili iipoze tabo, la sivyo oili inaungulia ndani na sili zinakufa. Gundi paka nyembamba, ukiona inafura kando ujue na ndani imefura hivyo hivyo. Na ile paipu ya kurudishia iwe pana, ishuke bila kona, na uichungulie kwa macho yako kabla hujafunga boliti ya mwisho. Kinachovuja si lazima kiwe ndicho kibovu. Na ukishindwa, kaulize kwa aliyekufundisha, hata kama mliagana vibaya.

Na ndugu yako, gombana naye. Ndugu hugombana, nyie si malaika. Lakini neno "usirudi" lisitoke kinywani mwako. Kama limeshatoka, mfuate leo, usingoje mambo yako yanyooke. Mwite akute lori bovu, akute gereji haina hata tambi ya taa. Mwenzako haji kukagua lori. Mimi nilingoja niwe na la kumwonyesha, na sasa ninalo, na wa kumwonyesha hayupo.

Kibao cha gereji hii nimekiandika MASANJA, kwa herufi kubwa, kimeelekea njia ya kutoka stesheni. Ndiyo maana vijana mnaniita kwa jina hilo. Si jina langu. Lakini mkiniita naitika, nisije nikakosa siku moja kulisikia likitajwa kwa ajili yake.

Mungu akujalie, mwanangu, mikono isiyo na pupa, na ndugu wa kugombana naye jioni na kunywa naye uji asubuhi. Na siku ukipotea, awepo mtu anayelitunza jina lako mlangoni.