Mabati ya Kitindamimba

Nyundo juu ya bati: sauti hiyo Filbert hakuisahau, na kila alipoikumbuka aliuma meno.

Juma zima alikuwa juu ya paa la baba yake, kijijini Kilema kule mlimani, akiezeka nyumba isiyo yake. Kaka mkubwa alikwisha kupewa kihamba, shamba la migomba la ukoo, kilichopakana na cha baba. Kwa mila yao, nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, Thadeus. Wa katikati hujitafutia. Filbert alikuwa amejitafutia Kahe, huko tambarare, na lori la kumhamisha lilikuwa tayari uani, limesheheni vitanda na masufuria.

“Kaka, malizia na jikoni kabla hujaondoka,” Thadeus alisema akicheka. “Huko Kahe utawaezekea mbu!”

Filbert aliitupa nyundo, ikatua miguuni pa mdogo wake. “Ezeka mwenyewe, bwana mrithi! Kula kwa jasho la mwenzio unajua, kushika nyundo hujui!”

“Filbert, mwanangu,” mama yao alisihi, mikononi ana machipukizi ya mgomba aliyomwandalia kwenda kupanda Kahe, “usiondoke na hasira.”

Filbert alishuka ngazi. Akayatazama makaburi ya babu zake pale kihambani.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini mno, “nikifia kule, mtanizika wapi?”