Maziwa ya Kung'arisha Uso

Nimeuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo tangu mume wangu alipokuwa hai, na kwa muda huo wote sikuwahi kumshawishi mtu ayanunue. Aliyeyajua alikuja na chupa yake. Asiyeyajua alipita, nami nilimwacha apite. Maziwa hutoka Kulamawe, kwa ngamia wa kaka yangu, na hufika asubuhi ndani ya jerikeni za plastiki. Nayaonja, nayachuja, nayapanga mezani. Jioni miguu inavimba. Ndiyo biashara yangu, sina mengi ya kuisifia.

Mtoto wa dada yangu alimaliza chuo akakosa kazi, dada akamtuma kwangu anisaidie. Ni msichana mchangamfu, mwepesi wa mkono, na simu haimtoki. Siku za kwanza alikaa nyuma yangu akinitazama nikiuza, uso umekunjamana kama wa mtu anayeona chakula kikimwagika.

"Mama mdogo," akaniuliza, "hivi ndivyo nyinyi huuza? Mnakaa tu?"

"Tunakaa tu. Wanakuja."

"Na wasiokuja?"

Sikuwahi kuwafikiria wasiokuja.

Asubuhi moja akaja na chicho, kile chombo cha kufuma ambacho mama zetu walihifadhia maziwa, baada ya kukifukiza kwa moshi. Alikuwa amekiazima kwa jirani aliyekitundika ukutani kama pambo. Akanifungua kitambaa changu cha kazini, akanifunga shela mpya, akanivisha shanga ambazo mara ya mwisho nilizivaa kwenye harusi.

"Mimina polepole. Usiangalie simu. Sasa tabasamu kidogo, kama umekumbuka kitu kizuri."

Nilikuwa nimeamka kabla ya adhana. Kitu kizuri pekee nilichokikumbuka ni kitanda. Nilimimina, nikayarudisha, nikamimina tena, hadi maziwa yakapoteza povu na wanawake wa meza za jirani wakaanza kucheka. Mmoja akaniuliza kama naolewa.

Jioni msichana alinionyesha video yenyewe. Kweli nilikuwa mimi, na nilipendeza kuliko ninavyojijua. Lakini sauti haikuwa yangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, laini, Kiswahili kimenyooka kama barabara ya lami, ikisema kwamba hii ndiyo siri ya wanawake wa kaskazini, ndiyo maana ngozi zao hazizeeki.

"Huyu anayeongea ni nani?"

"Si mtu. Ni simu inaongea. Sauti yako inakwaruza, mama mdogo, na Kiswahili chako, usikasirike, mtu wa Nairobi atapotea."

"Na nani amesema sisi tunanawa maziwa?"

"Hakuna aliyesema mnanawa. Imesemwa ni siri tu."

Nikamwambia aitoe. Akasema itatoka, lakini watu walikuwa wameshaanza kuirushiana, na kilichorushwa hakirudi mkononi.

Walianza kuja. Kwanza kwa kupiga simu, kisha kwa magari yao, wakiwa njiani kwenda mbugani. Namkumbuka mama mmoja aliyeshuka na miwani ya jua na chupa ya kioo, akanisalimu "habari" kwa unyenyekevu kana kwamba mimi ni mganga.

"Nataka yale ya uso."

"Mama, haya ni ya kunywa. Hakuna ya uso."

"Yale uliyosema kwenye video."

"Sikusema mimi. Mimi sijawahi kunawa maziwa. Ngozi yangu hii ni kivuli na mafuta ya kupaka."

Alinitazama, kisha akatabasamu kama mtu aliyeelewa jambo. "Najua. Siri si ya kumpa kila mtu." Akajaza chupa yake akaenda. Sikumdanganya, na hakuniamini. Nilikaa pale na shanga zangu shingoni, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza "yule mama wa shanga", nikahisi uchovu ambao haukuwa wa miguu.

Kilichonishangaza zaidi ni wasichana wa hapa hapa mjini. Hawa wamelelewa kwa maziwa haya. Walipokua kidogo wakayakataa, wakasema yananuka moshi, yananuka kichaka, wakataka soda. Sasa walikuja wakiwa wamefunika nyuso nusu, wananong'ona, "Salaam aleikum, mama. Iko ile ya kung'arisha?" Mmoja wao ni binti wa mwenzangu wa meza ya pili. Mama yake alikuwa na maziwa yale yale, kutoka malisho yale yale, lakini binti alinunua kwangu kwa sababu ni mimi niliyetokea kwenye simu. Kesho yake mwenzangu alikuja amevaa shanga.

Baada ya wiki chache sote tulikuwa tumevaa shanga. Ungetupita ungedhani ni sherehe. Chini ya meza tulikuwa tumevua viatu kwa joto, na jerikeni tulizifunika kwa leso ili zisionekane kwenye picha.

Halafu wakaacha kuja. Hakuna aliyegombana nasi. Msichana wangu alisema kumetokea mbegu fulani ya kusagwa, inatoka mbali, na mwanamke anayeiuza ana ngozi kama ya mtoto. Maziwa yalibaki mezani hadi yakachacha, nikayalaza yawe susa, maziwa lala yetu, nikawauzia wazee wanaoipenda kali. Msichana mwenyewe akahamia kwenye kucha za kubandika. Simlaumu. Ananiletea chai kila asubuhi, na nikimwangalia naona mtoto anayehangaika kutafuta kitu ambacho watu watakitaka hadi mwezi ujao.

Mwezi wa mfungo ulipokaribia nilienda Kulamawe kumwona mama yangu. Ni mzee sasa, magoti yamemkataa, anaishi kwa kaka na mke wake. Nilimkuta ameketi mlangoni, simu ya mkamwana wake mkononi. Hajui kusoma, ila kidole chake kilikuwa kimejifunza kusukuma picha juu.

Tulisalimiana, akaniuliza habari za mji, kisha akasema kwa Kiborana, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria neno lake kwa muda mrefu, "Nataka maziwa."

Nikainuka kuelekea jikoni.

"Si hayo. Ya kopo. Ya unga. Ya mifupa."

Akanionyesha tangazo kwenye simu. Alikuwa mama mzee wa watu wengine, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, anapanda ngazi za nyumba kubwa huku anacheka, na kopo kubwa mezani. "Huyu magoti yake yalikuwa kama yangu. Sasa ona, anapanda ngazi."

"Mama, una ngazi gani hapa?"

Hakucheka. Nje ngamia walikuwa wanarudi, nikasikia ndama wakiwaita mama zao. Nikaanza kumweleza kwamba yule mzee amelipwa acheke, kwamba ndani ya kopo hakuna ambacho hakipo pale zizini, kwamba watu wametoka Nairobi kuyafuata maziwa ya zizi hili. Nilieleza vizuri. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuyasifia maziwa yetu, na niliyemwambia ni mtu aliyekunywa hayo tu tangu azaliwe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Yule mwanamke wa simu huuliza, 'Magoti yako yanauma ukisimama?' Kila siku anauliza."

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho mimi kumuuliza. Huwa namuuliza kama amekula. Kaka humuuliza kama ametumia dawa.

Kopo nililipeleka safari iliyofuata. Mkamwana alikoroga unga wake kwa maji ya moto, mama akaonja, akakunja uso kama mtoto. "Hayana moshi," akasema, akamaliza kikombe chote. Siku hizi limekaa juu ya sanduku lake, wageni wakija analionyesha kabla hawajaliona wenyewe. Magoti ni yale yale.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko nilimkandakanda miguu kwa samli iliyopashwa moto, mimi mwenyewe nimekaa chini na yangu imenyooshwa, imevimba. Nikamuuliza magoti yanauma wapi. Akanionyesha, hapa, na hapa, na usiku hapa ndani. Alieleza kwa muda mrefu, bila haraka. Nilipofikiri amesinzia, akafumbua macho.

"Lile likiisha utaniletea lingine?"

Nikasema nitaleta.